Siku Moja Kwenye Mikoko ya Gazi: Mwongozo kwa Familia

Kwa wakazi wengi wa Kaunti ya Kwale, Gazi ni jina la kituo cha matatu kati ya Ukunda na Msambweni. Abiria hushuka, wengine hupanda, na safari ikaendelea. Lakini mwendo mfupi kutoka barabara kuu ya Likoni–Lunga Lunga ipo ghuba tulivu yenye msitu wa mikoko wa zaidi ya hekta 600, daraja la mbao la kupitia ndani ya msitu huo, na chakula cha Kiswahili kinachopikwa na kina mama wa kijiji. Ni mahali ambapo familia inaweza kuondoka nyumbani asubuhi na kurudi kabla ya giza bila kulala hotelini.

Watu wengine hudhani matembezi ya aina hii ni ya watalii. Si kweli. Familia ya Kinango, Matuga au Lunga Lunga ina haki na sababu ya kufika Gazi kuliko mgeni yeyote, kwa kuwa msitu huu ni wao na hatima yake iko mikononi mwao. Hata hivyo, siku ya mikokoni haifanani na siku ya kwenda mjini. Mwenye ratiba ni bahari. Familia inayoelewa maji, miti na desturi za mahali itafurahi na kurudi salama. Isiyoelewa inaweza kukuta tope mahali ilipotarajia maji, au maji mahali ilipoacha watoto wakicheza.

Panga siku kwa kufuata maji

Katika pwani ya Kenya maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku. Kutoka kujaa hadi kupwa ni takriban saa sita na dakika chache. Kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50, kwa hiyo saa iliyofaa Jumamosi iliyopita haitafaa Jumamosi hii.

Wavuvi hugawa mwezi katika bamvua na maji mafu. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Wakati huo maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa huzidi mita 3. Maji mafu huja katikati ya vipindi hivyo, mwezi ukiwa nusu, na tofauti huwa ndogo.

Iko kanuni rahisi ambayo mzazi anaweza kuikumbuka kwa kutazama mwezi tu. Siku za bamvua, maji katika sehemu hii ya pwani hupwa karibu saa nne au saa tano asubuhi na kujaa karibu saa kumi au saa kumi na moja jioni. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa asubuhi na kupwa alasiri. Kanuni hii ni ya kupangia safari. Saa kamili iulizwe kwa wavuvi au wenyeji wa Gazi siku yenyewe, au itazamwe katika jedwali la maji la bandari ya Kilindini.

Kwa familia yenye watoto wadogo, siku nzuri ni ile ambayo maji hupwa asubuhi. Watoto watawaona kaa, konokono na mizizi ya mikoko ikiwa wazi. Baada ya chakula cha mchana wataona maji yakirudi na kuingia chini ya daraja, na samaki wadogo wakiingia pamoja nayo. Kwa siku moja watakuwa wameuona msitu ukiwa nchi kavu na ukiwa bahari.

Maswali ambayo watoto watauliza

Mikoko hufundisha vizuri kwa sababu kila kitu chake kinaonekana. Wazazi wanaweza kujiandaa kwa maswali machache.

Kwa nini miti hii haifi kwa chumvi? Mmea wa kawaida ukimwagiwa maji ya bahari hunyauka. Mikoko ina njia mbalimbali za kujikinga. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi mirefu kama miguu, huizuia sehemu kubwa ya chumvi mizizini kabla maji hayajapanda. Mchu huipitisha chumvi na kuitoa kupitia majani. Mtoto akiligusa jani la mchu wakati wa jua kali kisha akaulamba ubapa wa kidole chake, ataonja chumvi.

Kwa nini mizizi imesimama juu? Tope la mikokoni halina hewa, na mizizi, kama sehemu nyingine za mti, huhitaji hewa. Mkoko hutoa mizizi inayoning'inia kutoka kwenye shina. Mchu na mlilana hutoa vijiti vingi vinavyochomoza kutoka ardhini. Hiyo ni mizizi ya kupumulia. Ikifunikwa kabisa, mti hufa. Jambo hilo lilionekana katika hori ya Mwache baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998, pale udongo mwingi kutoka bara uliposhuka na kuifunika mizizi, na sehemu kubwa ya mikoko ikakauka. Ndiyo maana wageni wanaombwa wabaki juu ya daraja: mguu unaokanyaga vijiti hivyo unakanyaga pumzi ya mti.

Kile kinachoning'inia kama ganda refu la kijani ni nini? Ni mche wa mkoko. Mbegu yake huota ikiwa bado juu ya mti mama. Mche ukikomaa hudondoka, na ukikuta tope laini huweza kusimama na kuota hapo hapo. Ukikuta maji, huelea na kupelekwa na mkondo mpaka upate mahali pa kushika.

Mbona kaa yule ana gando moja kubwa? Ni dume. Kaa hao wadogo hulipunga gando lao kubwa ili kuwaita majike na kuwatisha madume wengine. Jike ana magando mawili madogo. Kaa wengine huburuta majani yaliyoanguka mpaka mashimoni mwao na kuyala. Mashimo hayo hupitisha maji na hewa ndani ya tope, na hivyo kuisaidia mizizi. Pia wapo samaki wadogo wanaotoka majini na kurukaruka juu ya tope. Huweza kukaa nje kwa muda ngozi yao ikiwa bado na unyevu.

Kenya ina aina tisa za mikoko, na mwongoza wageni wa kijiji atawaonyesha watoto zile zilizo karibu na njia. Kwa kawaida mlilana husimama mbele kabisa ukiielekea bahari, mkoko hufuata, kisha muia na mkandaa, na mchu huonekana zaidi upande wa nchi kavu. Mkomafi hutambulika kwa tunda lake kubwa la mviringo. Mtoto anayejua majina matano kati ya hayo anaporudi nyumbani amepata elimu ambayo babu zake waliitumia kila siku, kwa kuwa kila mti ulikuwa na kazi yake: boriti na fito za kujengea, mbao za vyombo vya baharini, magome ya kutengenezea ngozi, na kuni.

Msitu uliokatwa ukarudi

Kwa karne nyingi boriti za mikoko kutoka pwani ya Afrika Mashariki zilisafirishwa kwa majahazi hadi Uarabuni na Ghuba, ambako ziliezeka nyumba. Kenya ilipiga marufuku kuziuza nje ya nchi mwaka 1982. Lakini Gazi haikuumizwa na majahazi peke yake. Katika miaka ya 1970 sehemu za msitu huu zilikatwa hadi chini ili kupata kuni za viwanda. Mahali palipokatwa palibaki wazi kwa miaka mingi. Jua lilipiga tope, chumvi ikazidi, na miche iliyoelea haikuweza kushika. Samaki na kamba, ambao wengi wao hukulia kwenye mizizi ya mikoko wakiwa wachanga, walipoteza makazi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa taasisi ya utafiti wa bahari ya KMFRI, yenye kituo Gazi, walianza kupanda mikoko upya wakishirikiana na wanakijiji. Haikuwa kazi ya kuchomeka miche popote. Kila aina ilirudishwa mahali panapoifaa kulingana na kina cha maji na chumvi. Baadhi ya miti ambayo mgeni huiona leo ikiwa mirefu na yenye kivuli ilipandwa kwa mkono katika kipindi hicho.

Mwaka 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni viliingia katika hatua nyingine kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, wa kwanza duniani wa jamii kuuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko. Mradi huo unalinda hekta 117. Maana yake ni hii: mti hunyonya hewa ya ukaa inayochangia kuongeza joto duniani na kuigeuza kuwa shina, mizizi na majani. Majani na mizizi ikifa hubaki ndani ya tope lisilo na hewa, ambako huoza polepole sana. Kwa sababu hiyo eneo moja la mikoko huweza kuhifadhi kaboni nyingi kuliko eneo kama hilo la msitu wa nchi kavu, na sehemu kubwa ya kaboni hiyo iko chini ya miguu, topeni. Msitu ukikatwa na tope kufukuliwa, hewa hiyo huachiliwa tena.

Kampuni na watu binafsi wanaotaka kufidia uchafuzi wao hununua kiasi cha hewa ya ukaa kilichohifadhiwa, karibu tani 3,000 kwa mwaka. Wanajamii huamua katika mikutano yao fedha zitumike wapi, na zimesaidia miradi ya maji na shule pamoja na ulinzi wa msitu wenyewe. Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP. Mfano huo umeigwa ndani ya kaunti hii hii, katika vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu karibu na mpaka wa Tanzania.

Kaunti ya Kwale ina zaidi ya hekta 8,000 kati ya hekta 61,000 na zaidi za mikoko iliyopo Kenya. Hekta 117 ni sehemu ndogo sana ya hizo. Zinazobaki hulindwa na sheria, kwa kuwa mikoko ya pwani ya Kenya imekuwa msitu wa serikali tangu 1932 na kuikata kunahitaji kibali. Lakini hakuna askari wa kutosha kusimama kwenye kila hori. Ulinzi wa kweli hutoka kwa mkazi anayejua hasara ya mti mmoja ukianguka. Siku ya familia mikokoni ni njia mojawapo ya kumpata mkazi huyo akiwa bado mdogo.

Kiingilio na chakula

Daraja la mbao la Gazi huendeshwa na kikundi cha kina mama wa kijiji. Mgeni hulipa kiingilio kidogo na huweza kuagiza chakula, kama vile wali wa nazi, samaki, mboga na maji ya madafu. Ni vyema kuagiza chakula mapema, ikiwezekana mara tu familia inapofika, kwa kuwa hupikwa baada ya kuagizwa. Bei iulizwe kabla, na malipo yafanywe kwa kikundi chenyewe.

Fedha hizo ni mapato ya wanachama, na husaidia mahitaji kama karo za watoto. Mama anayepata riziki kutokana na mkoko uliosimama hana haja ya kuukata. Kwa hiyo familia inayobeba chakula chote kutoka nyumbani haijavunja sheria yoyote, lakini ikinunua hata madafu na samaki hapo kijijini itakuwa imechangia ulinzi wa msitu.

Heshima ya mahali

Gazi ni kijiji cha watu, si bustani ya kulipia tu. Wageni huingia kwa salamu na kuwaeleza wenyeji wanakokwenda. Mavazi ya stara yanatarajiwa kijijini, hata kwa wanaotoka ufuoni. Picha za watu zipigwe kwa ruhusa, hasa za wanawake na watoto. Muda wa swala uheshimiwe, na Ijumaa mchana ni vyema kutotarajia huduma za haraka.

Wanaopenda historia wanaweza kuuliza habari za Sheikh Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui. Alikuwa na makao yake Gazi, na alikuwa mmoja wa viongozi waliowapinga Waingereza katika vita vya 1895 na 1896.

Familia yenye muda inaweza kuongeza Kaya Kinondo, iliyo kusini mwa Diani, kabla ya kufika Gazi. Ni msitu mtakatifu wa Wadigo wa karibu hekta 30, ulio karibu na bahari. Ni miongoni mwa misitu ya kaya za Mijikenda iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008. Msitu huo haungekuwapo leo bila makatazo ya wazee. Huko mgeni haingii peke yake: huongozwa na mwenyeji, hujifunga kaniki nyeusi kiunoni, huvua kofia, na haondoki na kitu chochote, hata jani. Watoto waelezwe masharti hayo kabla ya kufika ili wasikemewe ndani. Wakitulia, huenda wakawaona mbega juu ya miti.

Usalama wa watoto

Hatari kubwa ya ghuba tulivu ni utulivu wake wenyewe. Hakuna mawimbi makubwa ya kumwonya mtu. Maji hurudi kwanza kupitia mikondo na vijito vya chini, kwa hiyo yanaweza kuwa yamepita nyuma ya mtu aliyesimama juu ya fungu la mchanga kabla hajayaona mbele yake. Tena hayapandi kwa kasi moja. Saa ya kwanza baada ya kupwa hupanda polepole, na katika saa ya tatu na ya nne hupanda karibu nusu ya kimo chote. Mzazi anayesema "bado, maji yako mbali" anaweza kuwa anatazama saa ya kwanza. Kanuni salama ni kuwarudisha watoto wote juu mara tu maji yanapoanza kugeuka.

Katika ufuo tulivu, familia isitegemee kumkuta mwokoaji. Mtu mzima mmoja apewe kazi ya kuwatazama watoto walio karibu na maji, asishike simu, na apokezane na mwingine kwa zamu. Watoto wasiachwe kutoka nje ya daraja. Tope linaonekana gumu lakini huzama, na mizizi iliyovunjika hukata mguu.

Viatu vivaliwe wakati wote wa kutembea ufuoni. Taa hujificha chini ya mchanga kwenye maji ya kina kifupi, na mwiba wake una sumu. Anayechomwa aondolewe majini, jeraha lisafishwe, na mguu utumbukizwe katika maji ya moto anayoyavumilia bila kuungua, kwa muda wa nusu saa au zaidi, huku akipelekwa kituo cha afya. Mtu mzima ayapime maji hayo kwanza kwa mkono wake. Hospitali kubwa iliyo karibu ni Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Msambweni. Nambari za dharura ni 999 na 112.

Kabla ya kuondoka nyumbani

• Tazama mwezi, kisha uliza saa ya maji kupwa na kujaa siku ya safari.
• Epuka siku za mvua kubwa, hasa msimu wa masika kuanzia Aprili hadi Juni.
• Beba viatu vya kulowa, kofia, nguo za kubadilisha, dawa ya kufukuza mbu na maji ya kunywa ya kutosha.
• Weka maji na chakula katika vyombo vya kutumika tena. Tangu Juni 5, 2020 chupa, vikombe, sahani na mirija ya plastiki ya kutumika mara moja haviruhusiwi katika fuo, misitu na maeneo ya hifadhi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini kote Agosti 2017.
• Rudi na taka zako zote. Mfuko ulionasa kwenye mizizi huizibia hewa.
• Usichukue kaa, makombe wala miche. Anayetaka kupanda mkoko aulize kikundi cha kijiji, ambacho kinajua ni mti gani unafaa kupandwa, wapi na lini.
• Wanaotumia matatu wakubaliane mapema na boda boda au tuktuk ya kuwarudisha barabara kuu kabla ya magharibi.

Mche wa mkoko huchukua miaka mingi kuwa mti wa kukaliwa kivuli. Watoto watakaopita juu ya daraja la Gazi mwaka huu watakuwa watu wazima wakati miche inayodondoka sasa itakapokomaa. Wao ndio watakaoamua kama mikoko ya Kwale ikatwe tena au ibaki imesimama, na itawasaidia kuamua wakiwa wameiona kwa macho yao.